Kitufe Kisichoitika

Mjomba wangu anauza samaki Msambweni, na kwetu Wadigo mjomba si mtu wa kumkosea hivi hivi. Mimi nilimkosea kwa kitufe.

Nilimtengenezea apu ndogo. Jikoni za hoteli za Diani zinaandika zinachotaka, yeye anaona orodha, anaisogeza kwa kidole, na kila oda ina kitufe cha "Kubali". Asubuhi moja ya kusi, bahari imechafuka na mashua nyingi zimelala mchangani, akabonyeza "Kubali" kwenye kilo nne za changu. Kitufe kimya. Akabonyeza tena. Kumbe ile ya kwanza ilishaingia, oda ikaondoka, orodha ikapanda, na kidole kikaangukia oda iliyofuata: pweza kilo 20. Kilo 20 za pweza, kusi!

Jioni hoteli ikapiga simu kuulizia mzigo wake. "Mpwa wangu," akaniambia, "mimi neno langu sijawahi kulirudisha." Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha.

Kosa ni langu, lakini lina ukoo mrefu.

Kwenye mulika mwizi, kitufe kilikuwa kitu. Kinazama, kinainuka, na kidole kinajua kabla ya jicho. M-Pesa ilipoanza Machi 2007 ilijengwa juu ya simu hizo hizo: unafungua menyu ya laini, unachagua kutuma pesa, unaweka namba, kiasi na PIN, kisha unangoja meseji. Simu inakujibu mara mbili, chini ya kidole na kwenye meseji. Kizazi cha mjomba kilijifunza simu hivyo: ukiigusa, inaitika.

Mwaka huo huo, mwezi Januari, Steve Jobs alisimama San Francisco akaonyesha iPhone, na vitufe vikawa picha tu juu ya kioo. Watu walishangilia kuona orodha ikiteleza chini ya kidole. Lakini hapo kidole kimoja kilipewa kazi mbili. Kikigusa kitufe kilicho ndani ya orodha, simu haijui bado: huyu anabonyeza au anataka kusogeza? Basi inasubiri kidogo, kama sehemu ya kumi ya sekunde, ione kama kidole kitahama. Kwenye vifaa vya Apple vya kuundia apu, kusubiri huko kumewashwa tangu mwanzo kwa kila kinachosogezwa. Ukigusa haraka, kidole kinaondoka kabla kitufe hakijapata nafasi ya kubadilika rangi. Kazi inafanyika, lakini wewe huoni kitu.

Na huo muda si mdogo kama unavyosikika. Mwaka 1968 Robert Miller wa IBM aliandika kwamba ukibonyeza kitufe, jibu lisizidi sehemu ya kumi ya sekunde. Yaani kule kusubiri peke yake kunamaliza subira yote ya binadamu.

Android, iliyotoka 2008, ilikuwa na ugonjwa wa kinyume. Kwenye zile za mwanzo ulibonyeza mstari, na vitufe vilivyo ndani yake navyo vikang'aa kana kwamba umevigusa. Kimoja kiziwi, mwenzake anaitika asipoitwa. Huku kwetu Android ya bei ya kununulika ilikuja na Huawei IDEOS mwaka 2011, karibu shilingi 8,000, na hapo ndipo nilipoanza kuona watu wa kawaida Ukunda wakisugua vioo.

Mwaka 2014 Google ikaleta sura mpya pamoja na Android 5: ukigusa, wimbi linaanzia pale pale penye ncha ya kidole na kusambaa. Mtoto wa pwani hahitaji kuelezwa hilo, si umewahi kutupa kokoto majini. Wengi waliliona kama pambo. Mimi pia. Ndiyo maana nilipaka kitufe changu kijani kibichi cha kupendeza, na rangi ukiipaka kizembe vile inafuta wimbi lote. Nikabaki na kitufe kizuri kisichosema chochote.

Mjomba alitafuta pweza hadi Shimoni, akawanunua kwa bei ya juu, akapeleka zote 20. Tofauti ya bei nililipa mimi, kwa mafungu matatu. Kisha nikarudisha wimbi. Nikafanya kitufe kigeuke kijivu na kuandika "Imekubaliwa", oda ibaki mahali pake hadi aiondoe mwenyewe, na simu itetemeke kidogo, kwa sababu juani pale bandani kioo hakisomeki vizuri.

Nilimpa ajaribu akiwa amekaa juu ya boksi la barafu. Akabonyeza, akatazama, akaniangalia.

"Sasa imeitika," akasema. Halafu akatoa mulika mwizi yake mfuko wa pili, akaipigia hoteli kuhakikisha.