Watu Kumi na Tisa katika Mashua Moja

Mti wa shelisheli twaujua sana sisi watu wa pwani, wala hatushangai kuliona tunda lake sokoni. Lakini ni wachache wajuao ya kuwa katika safari ya kuitafuta miche yake watu 19 walishushwa katika mashua wazi, wakaachwa katikati ya bahari ya Pasifiki.

Mwaka 1787 serikali ya Uingereza ilipeleka merikebu iitwayo Bounty mpaka kisiwa cha Tahiti kuchukua miche hiyo, ipate kupandwa katika visiwa vya West Indies, iwe chakula rahisi cha watumwa. Neno hili halifai kufichwa: safari ilikuwa kwa faida ya wenye watumwa. Nahodha alikuwa William Bligh, baharia hodari sana, ila ulimi wake ulikuwa mkali. Miche zaidi ya 1,000 ilipakiwa. Alfajiri ya tarehe 28 Aprili 1789, karibu na kisiwa cha Tofua, msaidizi wake Fletcher Christian akamwasi, yeye na baadhi ya mabaharia, na Bligh akatiwa mashuani pamoja na watu 18.

Mashua ilikuwa na urefu wa futi 23, na upana usiotimia futi 7. Walipokwisha kuingia wote, ukingo wake haukupita futi moja juu ya maji. Walipewa mikate mikavu ratli 150, nyama ya nguruwe kidogo, maji galani 28, dira na chombo cha kupimia jua. Ramani hawakupewa, wala bunduki.

Kwanza walikwenda Tofua kutafuta chakula, na wenyeji wakawashambulia kwa mawe. John Norton aliruka pwani kuifungua kamba ya shetri, akauawa pale pale. Wengine wakaponea chupuchupu, kwa kuwa Bligh alitupa nguo majini, na waliowafuatia kwa mitumbwi wakakawia kuziokota. Basi baada ya hayo waliogopa kila kisiwa, wakaazimu kwenda moja kwa moja mpaka Timor, kwa Waholanzi. Wote wakaahidi kuridhika na wakia moja ya mkate na robo painti ya maji kwa siku.

Msomaji asiyezoea bahari hudhani hatari kubwa ni upepo. Sivyo, hatari ni wimbi linalokuja nyuma. Mashua ikiwa bondeni kati ya mawimbi mawili, tanga hulegea kwa kukosa upepo. Ikipandishwa juu, upepo hulikamata ghafula. Mshika usukani akikosea kidogo, mashua hugeuka ubavu, wimbi la pili huijaza, na habari imekwisha. Tarehe 3 Mei maji yaliwaingilia kwa shetri, wakafua maji kwa nguvu zao zote. Ndipo wakatupa nguo za ziada na kamba na matanga ya akiba. Sanduku la seremala likaondolewa vyombo vyake, mkate ukatiwa humo usilowe.

Mvua iliwanyeshea siku nyingi. Iliwaokoa na kiu, lakini iliwatesa kwa baridi, hata wakawa wanavua nguo, wanazichovya katika maji ya bahari, wanazikamua na kuzivaa tena, maana maji ya chumvi yaliwatia joto kuliko ya mvua. Kulala kulikuwa kwa zamu, wala hapakuwa na nafasi ya kunyosha miguu.

Mizani ya Bligh ilikuwa vifuu viwili vya nazi, na jiwe lake risasi moja ya bastola, yenye uzito wa sehemu ya 25 ya ratli. Walipokamata ndege, walimkata vipande 18. Mtu mmoja aligeuka kisogo, mwingine akashika kipande na kuuliza kiwe cha nani, naye asiyeona akataja jina. Hivyo hapakuwa na manung'uniko, na nahodha alipata kwa kura kama wengine. Damu walipewa waliodhoofika zaidi. Mtu yule yule aliyeshindwa kuitawala merikebu yenye chakula tele aliweza kuitawala mashua yenye njaa.

Mwishoni mwa Mei walipenya mwamba mkubwa wa Australia, wakapata chaza na maji katika kisiwa kidogo, wakasali. Tarehe 14 Juni 1789 waliingia Kupang, wamekwenda maili 3,618 za baharini, na baada ya Norton hakufa hata mmoja njiani. Wengine homa iliwaua nchi kavu, wa kwanza wao David Nelson, mtunza miche.

Bligh alirudi Tahiti kwa merikebu nyingine, na mwaka 1793 akaifikisha miche Saint Vincent na Jamaika. Ile risasi, na kifuu alichokulia posho yake, vimewekwa katika nyumba ya makumbusho ya bahari huko Greenwich.