Feni inayolala: historia fupi ya joto la injini, kutoka kwa Benz hadi Kinakomba

Nimekuwa kimya wiki kadhaa kwa sababu ya kazi (programu ya mteja mmoja ilikuwa inaanguka kila Ijumaa jioni, nitawasimulia siku nyingine). Leo naiweka kompyuta kando niandike kuhusu pikapu. Mkisoma mpaka mwisho mtaona sijaenda mbali na kazi yangu.

Ilikuwa Januari 2007, msimu wa maembe. Mjomba wangu wa Kinakomba, huko ukingoni mwa Tana kati ya Hola na Garsen, alikuwa na Peugeot 504 pikapu ya petroli, kuukuu, iliyobeba maembe kwenda Malindi. Mwezi ule gari lilikuwa linachemka karibu kila safari. Embe likishaiva halimsubiri fundi. Mizigo miwili ilikuwa imeharibikia njiani, na ada ya shule ya binamu zangu ilikuwa humo ndani ya maembe.

Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akasema: "Mwanangu, wewe si mtu wa mashine za kufikiri? Basi njoo uifikirie hii."

Nilikuta gari limeshatengenezwa mara tatu. Fundi wa kwanza alibadilisha kifuniko cha rejeta. Wa pili alitoa themostati akaitupa ndani ya dashibodi, akisema nchi ya joto haina haja nayo. Wa tatu aliuza rejeta ya mtumba. Bado lilichemka.

Sikuwa fundi, na mpaka leo si fundi. Nilichokuwa nacho ni historia kidogo niliyowahi kuisoma. Hebu tuipitie haraka.

1. Maji yanayopotea. Gari la Karl Benz la mwaka 1886 lilipoza injini kwa kuyaacha maji yachemke na kuruka na mvuke. Ndiyo maana mkewe, Bertha Benz, alipofunga safari yake maarufu ya mwaka 1888 kutoka Mannheim kwenda Pforzheim, alilazimika kuongeza maji mara kwa mara njiani. Tatizo la zama zile lilikuwa: tutayatunzaje maji?

2. Rejeta. Jibu zuri lilitoka kwa Wilhelm Maybach, kwenye Mercedes ya nguvu farasi 35 ya mwaka 1901. Alipanga vijibomba vidogo zaidi ya 8,000 kama sega la nyuki, upepo upite ndani yake na maji yazunguke nje, na nyuma akaweka feni. Lita 9 za maji zikatosha. Tatizo likahama: sasa tunahitaji upepo wa kutosha, hata gari likiwa halikimbii.

3. Mzunguko. Ford Model T (1908 hadi 1927), ukiacha zile za mwanzo kabisa, haikuwa na pampu ya maji. Maji ya moto yalipanda yenyewe na ya baridi yakashuka. Injini zilipopata nguvu zaidi, njia hiyo haikutosha tena, na pampu ikawa ya lazima.

4. Themostati. Injini ikipozwa kupita kiasi inakunywa petroli nyingi na inachakaa upesi. Kwa hiyo kukawekwa mlango mdogo unaozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Ile ya nta, ambayo inayeyuka, inatanuka na kusukuma mlango, ilibuniwa miaka ya 1930. Kazi yake ni ileile Helsinki na Hola. Joto la nje la nyuzi 35 bado liko mbali sana na nyuzi 80 na kitu ambazo injini inazitaka.

5. Kifuniko chenye springi. Kinabana mvuke ndani ili maji yasichemke yakifika nyuzi 100. Hiki wengi wanakijua, hasa waliowahi kukifungua gari likiwa la moto.

6. Feni inayolala. Hapa ndipo Peugeot inapoingia. Gari likiwa mwendo wa kasi, upepo wa barabarani unatosha, na feni inayozungushwa muda wote inakula nguvu ya injini na kupiga kelele bure. Peugeot wakaweka feni yenye sumaku ya umeme. Modeli ya 404 ya mwaka 1960 ilikuwa nayo, na 504 ya mwaka 1968 ikairithi. Swichi iliyofungwa kwenye rejeta inahisi joto. Maji yakizidi, umeme unapita kwenye kipande cha kaboni kinachosugua puli, sumaku inaamka na kuikamata feni. Maji yakipoa, inaiachia.

Hilo ndilo gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson, na tena mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas alipoendesha 504 Coupé ya V6. Pikapu zake ziliunganishwa hapa Kenya, na hakuna kijiji cha pwani ambacho hakikuzijua.

Sasa turudi kwa mjomba. Nilimwuliza swali ambalo mafundi wote watatu hawakumwuliza, na ambalo mimi huwauliza wateja wangu kila siku: linachemka *lini hasa*?

Akafikiri. Likiwa kwenye njia ya shambani, kwenye mchanga, gia ya kwanza na ya pili, geji inapanda. Likifika barabara kuu likakimbia, geji inashuka yenyewe. Yeye alidhani ni bahati.

Kumbe alikuwa ameshanipa jibu. Rejeta ikiziba, au pampu ikichoka, mbio na mzigo huzidisha joto. Gasketi ya silinda hedi ikiungua, maji hupungua na mapovu huonekana, na barabara kuu haitibu kitu. Gari linalochemka polepole na kupoa kwenye mbio lina maji, lina mzunguko, halina upepo tu.

"Lakini feni inazunguka!" akasema mjomba. Kweli ilikuwa inazunguka, kwa uvivu, ikiburutwa na beringi. Ukiitazama haraka hujui tofauti. Tukaliacha gari likinguruma chini ya mwembe mpaka geji ikapanda, tukazima injini, tukawasha umeme tu, nikaijaribu feni kwa mkono: laini kabisa. Sumaku ilikuwa imelala. Nilipotoa waya moja kwa moja kutoka kwenye betri hadi kwenye swichi, hakuna hata mlio. Tukafungua. Kaboni ilikuwa imeisha, kama soli ya kiatu inavyoisha. Halikuwa kosa la gari wala la aliyelitengeneza.

Fundi mmoja wa Garsen alisugua kaboni kuukuu ya starta kwenye jiwe mpaka ikaenea mle ndani. Tulipounganisha waya tukasikia "ta!", feni ikakamata. Themostati tuliitoa kwenye dashibodi tukaijaribu kwenye sufuria ya maji ya moto. Ilifunguka vizuri, tukairudisha mahali pake. Kesho yake maembe yalifika Malindi, na binamu zangu walirudi shule, wamechelewa siku nne.

Jioni ile mjomba alinieleza jambo. Aliwahi kuwa na shamba kwenye mradi wa umwagiliaji wa Hola, ulioanza miaka ya 1950 ukitegemea pampu za mtoni. Mwaka 1989 mto Tana ulihama mkondo, pampu zikabaki kavu, mradi ukaanguka. "Watu walizilaumu pampu," akasema, "na pampu zilikuwa nzima."

Tangu hapo, kila ninapokuta mstari wa ajabu kwenye programu ya zamani na mkono unaniwasha kuufuta, naikumbuka ile themostati iliyotupwa dashibodini. Mtu aliuweka mstari ule akiwa na shida fulani. Kwanza naitafuta shida yake, kisha ndipo nafuta, kama bado kuna haja.

Haya, narudi kwa yule mteja wa Ijumaa. Nimeshamwuliza: inaanguka *lini hasa*?