Kumwambia Anna: Kifo cha Sigmund Freud na Nafasi ya Binti katika Wasifu

Kifo cha Sigmund Freud, kilichotokea London tarehe 23 Septemba 1939, kimesimuliwa mara nyingi na waandishi wa wasifu. Aghalabu husimuliwa kama kisa cha wanaume wawili: mgonjwa aliyechagua saa ya kuondoka, na daktari aliyemsaidia kwa kuwa alikuwa amemwahidi. Lakini nyumbani humo mlikuwamo mtu wa tatu ambaye bila yeye jambo lile halikutendeka. Huyo ni Anna, kitinda mimba wake, aliyekuwa na umri wa miaka 43. Makala haya yanamfuatia Anna katika sentensi moja tu, na jinsi sentensi hiyo ilivyobadilika kutoka kitabu hadi kitabu.

Ugonjwa ulianza mwaka 1923. Freud alipatikana na saratani ya kinywa, na daktari wake wa wakati huo, Felix Deutsch, akamficha ukweli kwa kuhofia kwamba mgonjwa angejiua. Freud alipotambua kwamba amefichwa alighadhibika, na Deutsch hakurudishiwa imani aliyokuwa nayo. Kwa hiyo Max Schur alipochukua nafasi ya daktari wa nyumbani, mnamo 1929, mgonjwa alimwekea masharti mawili: asimdanganye kamwe, na wakati utakapofika asimwache ateseke bure. Schur alikubali, wakapeana mikono. Ahadi ni deni, na deni hili lilichukua miaka kumi kudaiwa. Wakati huo wote mwuguzi wa kila siku alikuwa Anna. Ni yeye aliyekuwa akilitoa na kulirudisha kaakaa la bandia ambalo lilikuwa mateso kwa baba yake, na baina yao palikuwa na mapatano kwamba kazi hiyo ingefanywa kwa utulivu, pasipo kuoneana huruma waziwazi.

Freud alipasuliwa zaidi ya mara 30. Mwezi Juni 1938 familia iliwakimbia Wanazi kutoka Vienna, na baadaye mwaka huo ikahamia nyumba ya Maresfield Gardens, kaskazini mwa London. Kufikia Septemba 1939 kitanda kilikuwa kimehamishiwa chumba cha kusomea ili mgonjwa aone bustani. Kidonda kilikuwa kimeoza. Mbwa wake aliyempenda hakuweza tena kumkaribia kwa ajili ya harufu, na chandarua kilitandwa juu ya kitanda kuzuia nzi. Kitabu cha mwisho alichokisoma kilikuwa riwaya ya Balzac, *La Peau de chagrin*, ambamo ngozi ya ajabu hunywea kila mwenyewe anapotimiziwa tamaa, na uhai wake ukanywea pamoja nayo. Freud mwenyewe alimdokezea Schur kwamba kitabu hicho kilimfaa.

Tarehe 21 Septemba aliushika mkono wa Schur, akamkumbusha mapatano yao, na kumweleza kwamba kilichosalia ni mateso yasiyo na maana. Schur akajibu kwamba hakusahau. Ndipo mgonjwa akamtaja Anna, na hapa ndipo matini zinapoachana.

Ernest Jones, katika juzuu ya tatu ya wasifu wake iliyotolewa mwaka 1957, anaeleza kwamba Freud alimtaka daktari amwambie Anna yaliyozungumzwa. Kitabu cha Schur mwenyewe, kilichotoka mwaka 1972 baada ya mwandishi kufariki, hakitofautiani sana: binti anaarifiwa. Mwaka 1988 Peter Gay alitumia maandishi ya Schur ambayo hayakuwa yamechapishwa, na humo agizo ni jingine kabisa. Daktari azungumze na Anna, na iwapo yeye ataona ni sawa, basi wamalize. Gay anaongeza kwamba Anna alitaka siku iahirishwe. Schur akashikilia kwamba hakuna faida ya kumrefushia baba yake maisha hayo, na hatimaye Anna akaridhia. Mofini ikadungwa. Freud akalala usingizi ambao hakuamka.

Kumwambia mtu jambo ni kulifikisha kwake likiwa limekwisha kuamuliwa. Kushauriana naye ni kumwachia mlango wa kulikataa. Katika masimulizi ya kwanza Anna ni mfiwa. Katika haya ya pili ana sehemu katika uamuzi, na hawezi tena kusema kwamba lilikuwa shauri la baba na daktari wake. Tena Martha, mke wa Freud tangu 1886, hatajwi kabisa katika agizo hilo. Kwa nini idhini itakwe kwa binti na si kwa mke? Wanaoandika wasifu hawakulisumbukia sana swali hili, nalo lilistahili kuulizwa.

Kwamba sentensi ilifupishwa si jambo la kushangaza. Jones aliandika kwa msaada wa Anna, naye Anna aliendelea kuishi London hadi alipofariki mwaka 1982. Nchini Uingereza kujiua kulikuwa kosa la jinai hadi 1961, na sheria iliyoliondoa kosa hilo mwaka huo ilimwekea anayesaidia kifungo kinachoweza kufika miaka 14. Ukimya ulikuwa desturi pia. Mwezi Januari 1936 Lord Dawson aliyaharakisha mauti ya Mfalme George V kwa sindano, na umma haukulijua hilo hadi 1986. Hata hivyo mfalme hakuulizwa. Freud ndiye aliyeuliza.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili atamkumbuka Mwana Kupona, ambaye mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye utendi wa wosia. Mama yule alimsogeza mwana karibu na kusema naye ana kwa ana. Freud, aliyejenga taaluma nzima juu ya kuzungumza, alilipitisha neno zito kuliko yote kwa mdomo wa daktari. Pengine alimhurumia bintiye. Pengine mapatano yao ya kutooneana huruma yalimzuia. Vyovyote vile, aliyebaki na jibu la kutoa alikuwa Anna, na alilitoa kwa mtu ambaye si baba yake.

Utafiti wa baadaye umezidi kuitikisa simulizi ya wanaume wawili. Mwaka 2008 Roy Lacoursiere alitoa hoja kwamba Schur hakuwapo Freud alipokata roho, na kwamba sindano ya mwisho yamkini ilidungwa na Josephine Stross, daktari aliyekuwa amesafiri na familia kutoka Vienna.

Anna aliendelea kukaa katika nyumba ile kwa miaka 43 baada ya mazishi. Chumba cha kusomea alikiacha kama kilivyokuwa, vitabu na vinyago mahali pake.