Nairobi hadi New York: Umbali na Muda wa Safari kwa Ndege

Umbali wa angani kati ya Nairobi na New York ni takriban kilomita 11,850. Safari ya moja kwa moja kati ya miji hiyo ilizinduliwa na Shirika la Ndege la Kenya tarehe 28 Oktoba 2018, kufuatia hatua ya Marekani, Februari 2017, kuipandisha Kenya hadi daraja la kwanza la usalama wa usafiri wa anga.

Ndege aina ya Boeing 787 hutumia takriban saa 15 kutoka Nairobi hadi New York, ilhali safari ya kurudi huchukua takriban saa 14. Tofauti hiyo husababishwa na pepo kali za anga za juu zinazovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, ambazo huipinga ndege inapokwenda na kuisukuma inaporejea.

Kabla ya hapo, abiria walilazimika kubadilisha ndege njiani, kwa mfano barani Ulaya au katika nchi za Ghuba. Kupitia London, umbali huongezeka kwa takriban kilomita 500 tu, lakini kupitia Dubai huongezeka kwa zaidi ya kilomita 2,500. Aidha, muda mwingi hupotea uwanjani wakati wa kusubiri ndege ya pili, na baadhi ya abiria huhitaji viza ya kupita katika nchi ya tatu.

Jambo linalowatatiza wasafiri wengi ni hesabu ya saa. New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8 majira ya baridi, na kwa saa 7 kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, Marekani inaposogeza saa zake mbele. Kenya haibadilishi saa zake.

Kwa mfano, abiria akiondoka Nairobi saa 5:30 usiku mwezi Januari, atawasili saa 12:30 asubuhi ya siku inayofuata kwa saa za New York, wakati Nairobi ni saa 8:30 mchana. Akirejea kwa ndege ya saa 6:30 mchana, atatua Nairobi saa 4:30 asubuhi ya kesho yake.

Ikumbukwe kuwa tiketi huandikwa kwa mfumo wa saa 24 na kwa saa za mji husika. Hivyo, ndege iliyoandikiwa 00:30 tarehe 10 huondoka saa 6:30 usiku wa kuamkia tarehe 10. Abiria anayefika uwanjani usiku wa tarehe 10 atakuta ndege imeondoka tangu usiku uliotangulia. Ni vyema, basi, kuhakiki tarehe na saa mapema, hasa kwa mwenye miadi ya hospitali, mahojiano au ndege nyingine ya kuunganisha.