Nguo haina umri: jinsi ya kuchagua khanga, kitenge na mitumba bila kupoteza fedha

Siku moja ya gulio, upande wa Mgeta, nilimwona bibi mmoja ameshika gauni la mtumba lenye maua, rangi ya chungwa. Muuza nguo, kijana wa rika la wajukuu zake, alimpa shikamoo, akaitikiwa, kisha akasema, "Bibi, hilo ni la wasichana. Ya kwako yako huku." Akamwonyesha rundo la madera meusi na ya kahawia.

Bibi hakugombana. Aligeuza lile gauni ndani nje, akavuta mishono, akanusa makwapa, akalipeleka juani akalitazama. Ndipo akauliza bei, akapunguziwa. Mwisho akasema, "Mwanangu, maharage nimelima mimi. Nifungie."

Makala haya ni nyongeza ya mazungumzo yetu ya redioni kuhusu mavazi ya kina mama. Tunaeleza nguo tunazovaa zimetoka wapi, namna ya kuzikagua kabla ya kulipa, na nini hasa hubadilika mwanamke anapokua. Yasome taratibu, uyahifadhi kwenye simu, siku ya gulio uyafungue tena.

Tulikotoka

Karne ya 19 wafanyabiashara wa Marekani walileta pwani yetu kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi. Watu wakakiita merikani. Kilipotiwa rangi ya nili kikawa kaniki, vazi la watumwa na watu wa kazi ngumu. Hadhi ya utumwa ilipofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa watumwa waliacha kaniki wakavaa khanga za rangi. Kwao khanga ilikuwa namna ya kusema, "Mimi sasa ni mtu huru."

Tangu hapo nguo ya mwanamke imekuwa na wasemaji wengi. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ambayo ilipangwa kuanza Januari 1969. Sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na mafuta ya kujichubua vilipigwa vita, na jijini Dar es Salaam wapo wanawake waliosumbuliwa barabarani kwa sababu ya walichovaa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 tatizo likawa lingine: nguo zenyewe hazikuwepo. Nchi ilikosa fedha za kigeni na maduka yakawa matupu. Waliokuwa watu wazima wakati ule wanakumbuka kupanga foleni kwa ajili ya doti moja ya khanga. Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na baada ya hapo mitumba ikaanza kuingia kwa wingi.

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua ili viwanda vya ndani vikue. Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya soko iitwayo AGOA. Rwanda ilishikilia msimamo wake, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafuu hiyo. Nchi nyingine, Tanzania ikiwemo, zililegeza. Ndiyo maana belo bado zinafunguliwa kwenye magulio yetu.

Tusisahau kwamba Morogoro nayo ni mji wa nguo. Kiwanda cha 21st Century Textiles kimekuwa kikitengeneza khanga na vitenge hapa hapa, na Mazava kimekuwa kikishona nguo za michezo za kuuza nje.

Khanga: soma kabla ya kununua

Khanga ina sehemu tatu: pindo, ambayo ni ukingo unaozunguka; mji, ambao ni sehemu ya katikati; na jina, yaani maneno yaliyoandikwa. Huuzwa kwa doti, vipande viwili vinavyofanana. Kila kipande huwa na urefu wa kama mita moja na nusu na upana wa zaidi kidogo ya mita moja.

Khanga nzuri hutumika maisha yote. Mtoto hupokelewa kwa khanga na kubebwa kwa khanga. Mwali akitoka ndani huvishwa khanga mpya. Msibani tunajifunga khanga. Ni nguo isiyomwuliza mtu umri wala unene.

Kabla ya kulipa, fanya haya:

- Kunjua vipande vyote viwili. Angalia kama pindo limenyooka na kama rangi zinalingana. Doti iliyochapwa vibaya hufichwa kwenye mkunjo.
- Sugua pembe kwa kitambaa cheupe chenye maji. Kikichukua rangi nyingi, ujue itachuja na kuharibu nguo nyingine.
- Usidanganyike na ugumu. Khanga mpya huwa na wanga. Ishike juu ya mwanga: ukiona nyuzi zimeachana sana, ikifuliwa mara chache italegea.
- Soma jina. Mimi nilipoolewa nilimnunulia mama mkwe khanga kwa kupenda rangi tu. Aliifungua mbele ya wageni, akasoma kwa sauti: "Hasidi hana sababu." Tulicheka baadaye, lakini siku hiyo nilitamani ardhi ipasuke.

Kitenge na fundi

Kitenge huuzwa kwa yadi. Yadi moja ni kama sentimita 91, kwa hiyo yadi sita ni karibu mita tano na nusu. Usinunue kwanza kisha ndipo umwulize fundi. Mwone fundi, mwonyeshe mshono unaoutaka, akwambie unahitaji yadi ngapi. Mwenye mwili mkubwa au anayetaka mikono mipana atahitaji zaidi, na kipande pungufu hakirudishwi dukani.

Geuza kitenge uone upande wa nyuma. Kilichochapwa vizuri hukaribia kufanana pande zote mbili. Kama nyuma ni cheupe au kimefifia sana, bei yake nayo iwe ya chini.

Kuna vitambaa vya pamba na vya poliesta, na wauzaji wengi huita vyote pamba. Njia ya kujua ni kudondosha tone la maji: pamba hulinyonya, poliesta huliacha likitiririka. Kikunje ndani ya ngumi: pamba hubaki na mikunjo. Ukiwa nyumbani, choma uzi mmoja kwa uangalifu. Wa pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Wa poliesta huyeyuka na kuwa kidonge kigumu.

Poliesta si mbaya kwa kila jambo. Inakauka haraka na haihitaji pasi sana. Lakini kwa anayelima juani au kubeba mzigo kupanda mlima, pamba inapitisha jasho.

Ukishanunua kitenge cha pamba, kifue na kukianika kabla ya kukipeleka kwa fundi. Pamba huweza kuruka. Gauni lililokutosha siku ya kwanza likikubana baada ya kufuliwa, si lazima uwe umenenepa. Mwambie fundi pia aache kitambaa cha ziada kwenye mishono ya pembeni. Sentimita mbili tatu zinaweza kuokoa gauni miaka mitano baadaye.

Mitumba: kagua kama bibi yule

Kwenye gulio hakuna chumba cha kujaribia. Njia rahisi ni kwenda na uzi. Nyumbani, zungusha uzi kifuani, kiunoni na kwenye nyonga, ukifunga fundo kwa kila kipimo. Sokoni, pima nguo kwa uzi wako. Kwa sketi au suruali, kina mama wengi huzungusha kiuno cha nguo iliyokunjwa shingoni: ncha zikikutana, mara nyingi itakutosha kiunoni.

Namba za ndani ya nguo zisikuchanganye. Mitumba hutoka nchi tofauti na kila nchi ina namba zake. Gauni lenye namba 14 la Uingereza hukaribiana na 10 la Marekani na 42 la nchi nyingi za Ulaya. Namba kubwa haina maana kwamba nguo ni kubwa.

Angalia makwapa, kola, sehemu za kukalia, zipu na lastiki. Nusa. Doa la jasho la muda mrefu halitoki kwa sabuni. Ukifika nyumbani, fua kwa maji ya moto kama kitambaa kinaruhusu, anika juani, kisha piga pasi.

Jambo moja la lazima: Shirika la Viwango Tanzania, TBS, limepiga marufuku nguo za ndani za mitumba kwa sababu za kiafya. Sidiria na chupi nunua mpya, hata kama ni mbili tu.

Umri: nini hasa hubadilika

Linalobadilika ni mwili na kazi. Rangi haina umri.

Msichana anayekua anahitaji nguo yenye pindo la kushusha, kwa sababu mwaka ujao atakuwa mrefu. Mama anayenyonyesha atashukuru gauni lenye vifungo mbele, maana dera lisilo na uwazi litamlazimu kujifunua kila mara. Mwanamke anayekaribia kukoma hedhi anaweza kupata joto la ghafla, usiku na mchana. Nguo nyepesi za pamba zinazovaliwa moja juu ya nyingine, ili moja ivuliwe, zitamsaidia kuliko gauni moja zito.

Kwa bibi zetu wa milimani kuna mambo mawili. La kwanza ni baridi. Mji wa Morogoro uko kama mita 500 kutoka usawa wa bahari, lakini vijiji vya Mgeta viko juu zaidi ya mara mbili ya hapo, na mwezi wa sita na wa saba baridi inauma. Sweta lenye vifungo mbele ni bora kuliko la kuvaa kichwani kwa mwenye mabega yanayouma. La pili ni urefu. Gauni linaloburuta kwenye njia ya mteremko yenye tope linaweza kumwangusha. Pindo likae juu ya vifundo vya miguu. Hilo si suala la heshima, ni la usalama.

Baada ya hapo, chungwa, kijani, maua, hata suruali ndani ya sketi kwa ajili ya baridi, ni uamuzi wa mvaaji. Heshima ya mavazi ipo na kila mahali pana yake: msikitini, kanisani, msibani. Lakini hakuna mahali palipoandikwa kwamba aliyefika miaka 60 avae rangi ya majivu.

Sare na madeni

Harusi, kipaimara, kumtoa mwali, arobaini: kila shughuli sasa ina sare. Sare inapendeza na inaunganisha watu. Inaumiza pale mtu anapouza debe la mahindi ya chakula ili asionekane tofauti na wenzake.

Hesabu hii inasaidia. Gawanya bei kwa mara utakazovaa. Tuseme sare na ushonaji ni shilingi 45,000 na utavaa mara tatu: kila siku imekugharimu 15,000. Tuseme doti ya khanga ni 15,000 na utaijifunga mara 150: kila siku ni shilingi 100. Si kwamba usinunue sare. Jua tu unalipa nini.

Kama sare haikwepeki, omba kamati ichague kitambaa, kila mmoja ashone mshono utakaomfaa baadaye. Au shona blauzi na sketi badala ya gauni, ili uvivae kwa kutenganisha. Na usikope nguo kwa mkopo wa kausha damu. Mchezo wa kina mama au VICOBA, ukianza mapema kabla ya shughuli, utakufikisha pale pale bila mtu kuja kuchukua godoro lako.

Kununua kwa simu

Wauzaji wengi wa mjini sasa hutuma picha kwa WhatsApp na kupeleka mzigo kwa gari au bodaboda hadi Mgeta, Matombo au Kinole. Inaokoa nauli, lakini picha huficha mengi. Omba video fupi ya nguo yenyewe ikigeuzwa nyuma na mbele. Uliza vipimo kwa sentimita, usikubali neno "inatosha wote". Angalia jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo: likiwa tofauti na la muuzaji, simama uulize. Kwa muuzaji usiyemjua, omba kulipa mzigo ukifika, au anza na kitu cha bei ndogo.

Kabla hujafungua pochi, jiulize

1. Nitaivaa wapi, na mara ngapi?
2. Nimeikagua kwenye mwanga, ndani na nje?
3. Itafuliwaje kwa maji na sabuni niliyo nayo nyumbani?
4. Fedha hii ni ya nguo, au ni ya mbegu, ada au chakula?
5. Ninaipenda mimi, au ninaogopa maneno ya watu?

Swali la tano ndilo gumu. Bibi yule wa Mgeta alishalijibu kabla hajafika kwenye meza ya nguo. Nilimwona tena gulio lililofuata, anauza maharage yake, amevaa gauni la chungwa na khanga kiunoni. Muuza nguo alipopita alimwamkia, safari hii bila kumchagulia rangi.