Fundi Mhamaji: Jina la Mchezaji wa Klabu Nyingi

Kurasa za michezo za Kiingereza zina neno journeyman. Hupewa mchezaji wa kulipwa aliyepitia klabu nyingi bila kuwa nyota wa hata moja. Hucheza misimu kumi au kumi na mitano, hutegemewa, mkataba ukiisha hufungasha virago. Waandishi wetu wakikutana naye humwita "mchezaji wa kuhamahama". Wengine huthubutu kuandika "mzururaji". Jina hili la pili ni tusi. Lile la kwanza limebeba nusu ya maana tu, na nusu iliyoachwa nyuma ndiyo yenye uzito.

Asili ya neno journeyman haihusu safari. Limetokana na Kifaransa journée, yaani siku, au kazi ya kutwa. Katika vyama vya mafundi vya Ulaya ya zamani, kijana alianza akiwa mwanagenzi. Akihitimu alitambuliwa kuwa fundi kamili na kulipwa ujira wa siku, ila karakana ilibaki kuwa ya fundi mkuu. Ujerumani bado wapo mafundi vijana wanaoshika desturi ya kutembea mji hadi mji kwa miaka mitatu na siku moja wakifanya kazi. Basi istilahi hii ina nguzo tatu: mtu amehitimu, analipwa, na hamiliki karakana. Kuhama ni matokeo ya nguzo ya tatu.

Kiswahili kina neno la jirani: kibarua, yaani barua ndogo, cheti alichopewa mtu wa kazi ya kutwa. Kwa ujira linafaa kabisa, na hata magazeti huandika kwamba kocha amepoteza kibarua chake. Lakini kibarua tunayemjua leo ni mtu wa kubeba na kulima, asiyeulizwa ujuzi. Ukimwita mchezaji hivyo, umemvua kuhitimu kwake.

Jibu nimelipata kwenye machimbo ya dhahabu ya Masara, kaunti ya Migori. Shimo la wachimbaji wadogo halikai salama bila mtu anayejua kupanga magogo ya kushikilia kuta: wapi pakazwe, wapi mwamba utajibeba wenyewe. Mtu huyo huwa hana shimo. Mawe yakikosa dhahabu, huenda Osiri au Macalder, au huvuka mpaka kuelekea Tarime, Tanzania. Popote afikapo huitwa fundi, na wenzake huteremka chini wakiamini kazi ya mikono yake. Na katika soka letu pia, mchezaji anayeumudu mpira huitwa fundi. Ndiyo maana napendekeza fundi mhamaji, kwa wingi mafundi wahamaji. Ujuzi utangulie, mwendo ufuate.

Mfano ulio wazi zaidi umo katika hoki ya barafuni ya Amerika Kaskazini. Huko klabu mbili huweza kubadilishana wachezaji bila kuwauliza, isipokuwa mkataba uwe na kifungu cha kuwakinga. Mkanada Mike Sillinger alichezea klabu 12 za ligi ya NHL kati ya 1990 na 2009, akabadilishwa mara 9, na bado akafikisha mechi 1,049. Hakuna klabu inayomtaka mtu kwa miaka yote hiyo kwa kumhurumia. Katika hoki hiyo, refa anapodondosha kisahani cha mpira kati ya magongo mawili ili kuanzisha mchezo, kufumba na kufumbua timu moja imekishika na nyingine inakimbiza. Sillinger alikuwa stadi wa kukinyakua, na stadi wa kulinda lango timu yake inapobaki pungufu kwa adhabu. Klabu zilibadilika, ufundi ukabaki ule ule.

Kenya ina wacheza hoki ya barafuni, Ice Lions wa Nairobi, lakini hatuna ligi ya kulipwa ya mchezo huo. Mafundi wahamaji wetu wako kwenye soka. Allan Wanga, mzaliwa wa Kisumu, alicheza Angola, Azerbaijan, Sudan na Tanzania, na nyumbani akavaa jezi za Tusker na AFC Leopards. Wapo pia wanaohamishwa na njaa ya klabu. SoNy Sugar ya Awendo, timu ya kiwanda cha sukari papo hapo Migori, ilitwaa ubingwa wa nchi mwaka 2006. Msimu wa 2019/20 ulianza ligi ikiwa imeachwa na mdhamini wake, SportPesa. SoNy ikashindwa kufika katika mechi tatu, ikaondolewa ligini. Kumwita mzururaji kijana aliyepoteza klabu namna hiyo ni kumtwika kosa la wenye mifuko.

Istilahi nzuri huwa na mipaka. Michael Olunga amecheza Sweden, China, Hispania, Japani na Qatar, lakini si fundi mhamaji: mwaka 2020 alifunga mabao 28 katika ligi kuu ya Japani na kutajwa mchezaji bora. Huyo ni nyota aliyehama. Mchezaji wa mkopo naye hahesabiwi, kwa kuwa ana klabu inayommiliki na atakayoirudia. Wala kinda anayejaribiwa huku na huku hastahili jina hili. Huyo bado mwanagenzi.

Kwa hiyo mwandishi wa michezo aandike hivi: "Klabu imemsajili kipa wa miaka 33, fundi mhamaji aliyedakia timu saba." Msomaji ataelewa mara moja kwamba klabu imepata mtu anayeijua kazi yake. Wachezaji wa aina hii ndio wanaojaza vikosi na kuwafunza makinda jinsi ya kujipanga uwanjani. Lugha yetu inawadai heshima hiyo, na maneno ya kuwalipa tunayo.