Kiti cha Gazi na Taji la Victoria

Mabaharia na askari waliopigana Kwale upande wa Uingereza mwaka 1895 walitunukiwa nishani ya fedha. Upande mmoja pana sura ya Malkia Victoria, ushungi kichwani. Ukingoni pamechongwa jina la Mwele na mwaka wa vita. Mwele ni yetu. Ilikuwa ngome ya msituni, bara ya milima ya Shimba, na mwenye ngome alikuwa Sheikh Mbaruk bin Rashid Al-Mazrui wa Gazi. Leo mtu mzima wa Msambweni au Ukunda aweza kukusimulia harusi ya Charles na Diana ya 1981, talaka ya 1996, ajali ya Paris ya 1997 na ndoa ya Camilla ya 2005, bila kukosea mwaka. Muulize Mbaruk alikuwa mtoto wa nani na aligombana na Waingereza kwa lipi, atanyamaza. Jambo hili linaniuma, kwa sababu nyumba ya Gazi ilikuwa na mambo yake makubwa ya kiti, damu na ndoa, na mambo hayo ndiyo yaliyoamua nani atawale pwani hii.

Wamazrui asili yao ni Oman. Baada ya Wareno kutolewa katika Ngome ya Yesu mwaka 1698, maimamu wa Kiyarubi waliweka maliwali Mombasa, na katika karne ya 18 uliwali ukatua kwa Wamazrui. Albusaidi waliposhika Oman miaka ya 1740, liwali Muhammad bin Uthman alikataa kuwatambua, akauawa ndani ya ngome. Nduguye, Ali bin Uthman, alirudi akalipiza kisasi na kukalia kiti. Tangu hapo, kwa karibu miaka tisini, Mombasa ikawa na watawala wake wenyewe.

Walirithishanaje? Kwao haikuwako sheria kwamba mtoto wa kwanza wa kiume ndiye anayeingia. Wazee wa ukoo walimtazama mkubwa kwa umri na mwenye kufaa, na mara nyingi kiti kilitoka kwa ndugu kikaenda kwa ndugu au kwa mtoto wa ndugu. Huo ni utaratibu wenye hekima yake, maana haumweki kitini mtoto mchanga wala mpumbavu. Lakini kila kifo cha liwali kilifungua mlango wa ugomvi. Mwaka 1823 alipofariki Abdalla bin Ahmad, nduguze wawili, Mbarak na Salim, kila mmoja alikitaka kiti. Ukoo ukawaepuka wote wawili, ukamchagua mzee Suleiman bin Ali. Ilikuwa suluhu ya muda, katika wakati ambao Seyyid Said wa Oman, wa ukoo wa Albusaidi, alikuwa akiizunguka Mombasa kwa merikebu zake.

Februari 1824 alitia nanga Kapteni Owen wa jeshi la maji la Uingereza, na Wamazrui wakamwomba ulinzi. Bendera ya Uingereza ikapanda juu ya Ngome. Bendera hiyo ilikuwa ya Mfalme George wa Nne, ambaye miaka minne nyuma alikuwa amemshtaki mkewe, Caroline, mbele ya Bunge ili aachane naye, London nzima ikisikiliza ushahidi wa chumbani. Na siku ya kutawazwa kwake mwaka 1821 malkia huyo alifungiwa milango ya kanisa la Westminster. Mzee Suleiman hakuyajua hayo, au hata kama aliyajua hayakumhusu. Alichokijua ni kwamba Waingereza wana mizinga. Luteni Reitz, aliyeachwa Mombasa kuwa mwakilishi, alikufa kwa homa mwaka huohuo, na mwaka 1826 bendera ikateremshwa. Serikali ya London ilimthamini zaidi Seyyid Said kuliko mji uliomkataa.

Kisha ukaja 1837, mwaka wa kuutia akilini. Kule Uingereza mfalme William wa Nne alifariki mwezi Juni. Alikuwa amezaa watoto kumi na mwigizaji wa jukwaani, Dorothea Jordan, lakini hawakuzaliwa ndani ya ndoa, kwa hiyo hakuna hata mmoja aliyeweza kurithi. Taji likaenda kwa binti wa nduguye, msichana wa miaka 18, Victoria. Huku kwetu, kifo cha Salim bin Ahmad, aliyekuwa amekipata kiti baadaye, mwaka 1835 kilikuwa kimeleta ugomvi mwingine wa kiti. Khamis bin Ahmad alitawala kidogo, akatolewa, akaingia Rashid bin Salim. Wazee wa mji waliochoshwa na fitina hizo wakavuka bahari kumwendea Seyyid Said. Mwaka 1837 akaipata Ngome bila vita kubwa. Halafu wakubwa wa Wamazrui, Rashid akiwa mmoja wao, wakakamatwa kwa hila, wakapelekwa Bandar Abbas, na hawakurudi tena.

Huyo Seyyid Said alikuwa na desturi tofauti kabisa na ya William. Karibu watoto wake wote walizaliwa na masuria, na sheria ya Kiislamu iliwahesabu kuwa watoto halali sawa na wa mke wa ndoa. Majid, Barghash, Khalifa na Ali, wanawe waliotawala Zanzibar mmoja baada ya mwingine, wote mama zao walikuwa masuria. Kwa sheria ya Waingereza hakuna hata mmoja wao ambaye angekaa kitini.

Waliookoka Mombasa walitawanyika kwa milango miwili. Mmoja ulikwenda kaskazini, Takaungu. Wa pili ulikuja kusini, Gazi, kwenye ghuba yenye mikoko mingi kuliko uionavyo sasa. Kwanza aliongoza Abdalla bin Khamis, baadaye akashika Mbaruk, mwana wa yule Rashid aliyefia uhamishoni. Mbaruk alikuwa mtoto baba yake alipochukuliwa, na maisha yake yote aliyaishi kama mtu anayedai kilicho chake. Alipigana na Albusaidi mara kwa mara katika miaka ya 1870 na 1880. Mashua za Sultani zilipokaribia Gazi, yeye alipanda Mwele. Majeshi ya Zanzibar yaliichoma ngome na kuizingira; yeye aliingia msituni, akarudi.

Simwandiki Mbaruk kama mtakatifu. Watu wake walifanya biashara ya utumwa, mashamba ya Gazi yalilimwa na watumwa, na vijiji vya Wadigo na vya pwani hadi Vanga vilionja moto wa vita vyake. Mwenye kutaka kumsifu aanze kwa kukubali hilo.

Kabla yake, kusini zaidi, ilikuwapo nyumba nyingine ya kifalme ambayo hata jina lake linapotea: madiwani wa Vumba Kuu, karibu na Vanga. Diwani alitawazwa kwa siwa, kilemba na viatu vya mti, na makaburi ya waliomtangulia yalizuriwa kwanza. Ukoo huo uligeuka kwa ndoa. Sharifu wa Ba Alawi, kutoka Hadhramaut, alimwoa binti wa diwani, na kizazi chao kikashika kiti, kikiwa na usharifu kwa baba na ufalme kwa mama. Wazee wa Wasini na Vanga wangali wanaihesabu nasaba hiyo. Na nyuma ya pwani, kwa Wadigo wa zamani, mali ya mtu ilimwendea mpwa wake, mtoto wa dada, kabla ya Uislamu kuenea na kuleta mgogoro kati ya watoto na wapwa ambao mahakama za makadhi ziliuona kwa miaka mingi. Fikiri basi: ukitembea kutoka Tiwi hadi Vanga ungekutana na kanuni tatu au nne za kurithi, kila moja na watu walio tayari kuifia.

Kwa wapenda habari za mapenzi ya kifalme, la kwetu kubwa ni la Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said. Mwaka 1866 alipata mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete. Manowari ya Kiingereza, Highflyer, ilimtorosha usiku hadi Aden. Huko alibatizwa na kuolewa mwaka 1867, akaitwa Emily. Mumewe alikufa Hamburg mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, akamwacha na watoto watatu wadogo. Aliporudi Zanzibar mwaka 1885 kudai urithi wake, alikuja kwa merikebu ya Wajerumani, na Bismarck akamtumia kumshinikiza Barghash. Madai yake hayakuzaa kitu. Lakini mwaka uliofuata Uingereza na Ujerumani ziligawana bara la Sultani kwa mstari ulioanzia mlango wa mto Umba, karibu na Vanga. Mstari huo ndio mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro tuujuao.

Waingereza waliingia kwa mlango wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, iliyopewa hati ya kifalme na Victoria mwaka 1888. Mbaruk aliipokea vizuri, nayo ikamlipa posho. Kwa muda ilionekana kwamba mwana wa Rashid amepata alichokosa baba yake: heshima bila ya Albusaidi. Mambo yaliharibika Takaungu. Mapema mwaka 1895 alifariki Salim bin Khamis, mkuu wa mlango wa kaskazini. Mkubwa kwa umri alikuwa mtoto wa nduguye, naye pia akiitwa Mbaruk bin Rashid. Kampuni ikamtaka Rashid, mwana wa marehemu, kijana aliyekuwa rafiki yao. Kwa Mwingereza lilikuwa jambo jepesi, mtoto amrithi baba kama kwao. Kwa Wamazrui ilikuwa kukanyagwa mila ya ukoo, na mgeni ndiye aliyeikanyaga.

Mbaruk wa Takaungu alikataa, akapigwa, akakimbilia Gazi kwa jamaa zake. Serikali ya Uingereza ikamtaka mzee wa Gazi amtoe. Angemtoaje? Amtoe mtoto wa ukoo, mgeni aliyeingia nyumbani mwake akiomba hifadhi, kwa sababu ya kudai haki ambayo yeye mwenyewe aliiamini? Alisitasita, akajaribu maneno, kisha akachagua damu yake. Kwangu mimi hapo ndipo palipo ukubwa wake, zaidi ya vita vyote alivyopigana na Zanzibar.

Gazi ikashikwa. Tarehe 17 Agosti 1895 Admirali Rawson aliitwaa Mwele. Lakini uasi haukufa kwa kuanguka ngome. Ulienea pwani yote, akajiunga Hamisi bin Kombo wa Mtwapa, na mashamba na vituo vya serikali vikashambuliwa hadi maeneo ya Malindi. Ilibidi liletwe jeshi kutoka India, Machi 1896. Mwezi uliofuata Mbaruk alivuka Umba na mamia ya wafuasi, wake na watoto wakiwemo, akajisalimisha kwa Wajerumani. Aliondoka katika ardhi ya Victoria akaingia katika ardhi ya Kaisari Wilhelm, mjukuu wa Victoria. Ndugu hao walikuwa wamegawana nyumba ya watu, na mwenye nyumba akawa mkimbizi kutoka chumba hadi chumba.

Agosti mwaka huohuo Rawson aliipiga kasri ya Zanzibar kwa mizinga. Sababu ilikuwa ileile: Khalid bin Barghash alikalia kiti cha Usultani ambacho Waingereza walimtakia Hamud, jamaa yake. Vita vilikwisha chini ya dakika arobaini, na Khalid naye akakimbilia kwa Wajerumani. Akaishi Dar es Salaam, mji uleule alikopelekwa Mbaruk. Mbaruk alifia huko mwaka 1910. Khalid alikamatwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akahamishiwa St Helena na Ushelisheli, akafariki Mombasa mwaka 1927.

Ugomvi wa kiti haukuwa wetu peke yetu. Mwaka 1936 Edward wa Nane, aliyewahi kuja Kenya kuwinda, aliacha ufalme ili amwoe Wallis Simpson, mwanamke aliyekuwa na talaka mbili. Kasri ilitikisika, magazeti yakapiga kelele, lakini nduguye alikaa kitini bila risasi moja. Hakuwako Rawson wa kuwachagulia, kwa hiyo walimaliza wenyewe. Wamazrui wa 1895 hawakupewa nafasi hiyo.

Novemba 2023 Charles wa Tatu, kilembwekeza wa Victoria, aliingia Ngome ya Yesu pamoja na Camilla. Picha zilienea kila simu. Hatua chache kutoka hapo yako makaburi ya Wamazrui, alikozikwa Profesa Ali Mazrui mwaka 2014. Baba yake, Sheikh Al-Amin bin Ali, Kadhi Mkuu wa Kenya, aliandika historia ya ukoo huu kwa Kiarabu, na bila kalamu yake tungekuwa na masimulizi ya washindi tu.

Hata hivyo katika historia zetu nyingi kuna pengo. Tunamjua Caroline, Victoria na Wallis kwa majina. Binti wa diwani aliyewapa masharifu kiti cha Vumba tunamwita binti wa diwani. Mama wa Mbaruk, na wake waliovuka naye Umba mwaka 1896, hatuwataji. Wako watu Gazi, Wasini, Vanga na Msambweni wenye shajara za nyumbani, katika makaratasi au vifuani mwa bibi zao. Nawaomba wazinakili sasa, wazitoe kwa makumbusho na kwa walimu wa shule zetu, na wanapoandika fulani bin fulani, waandike na mama yake.